Uliza Ni Nani Aliyechora: Hotuba kwa Wasomaji wa Kisumu Kuhusu Katuni, Manga na Anime Zisizovuma

Mheshimiwa mwenyekiti, wakutubi, walimu, wazazi mliofika pamoja na wana wenu, na nyinyi vijana mliojaza ukumbi huu hadi mlangoni: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kunialika nizungumze hapa Kisumu kuhusu jambo ninalolipenda kwa dhati na ambalo naamini linastahili kujadiliwa kwa uzito uleule tunaoupa riwaya, tamthilia na ushairi. Nimeombwa nieleze jinsi msomaji au mtazamaji anavyoweza kuzigundua katuni, manga (yaani katuni za Kijapani za kusomwa) na anime (katuni za Kijapani za kutazamwa) ambazo hazivumi, zile ambazo picha zake hazipakwi kwenye tuktuk za Kondele wala kuchapwa kwenye fulana zinazouzwa Kibuye, na ambazo hata hivyo humkaa mtu moyoni kwa miaka mingi.

Sina ugomvi wowote na zile zinazovuma. Manga ya One Piece, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1997 na ambayo ingali inaendelea, pamoja na Naruto, iliyoanza mwaka 1999 na kukamilika mwaka 2014, zimewafanya vijana wengi wa mji huu kusoma kitabu kizima kwa kikao kimoja bila kusukumwa na mtu, na mwalimu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa anajua kwamba hilo si jambo dogo. Tatizo huanza pale kijana anapozimaliza hizo. Programu ya simu humletea nyingine inayofanana nazo: kijana mwingine mwenye nguvu za ajabu, mashindano mengine, adui mwingine aliye mkali kuliko yule wa kwanza. Haimletei kitu tofauti kwa sababu kazi yake ni kuhesabu yale ambayo watu wengi wametazama, na kazi isiyojulikana haina hesabu ya kuonyesha. Kijana naye hudhani ameumaliza ulimwengu huu wote, ilhali bado yuko ufuoni.

Ushauri wangu ni huu. Ukiipenda kazi yoyote, uliza ni nani aliyeichora, na alichora nini kabla na baada ya hiyo. Kisha uliza ilichapishwa mara ya kwanza katika jarida gani, na ni nani wengine waliokuwa katika jarida hilo. Ni maswali ya kawaida kabisa kwa anayesoma riwaya, kwani hakuna anayemsoma mwandishi mmoja akampenda bila kutafuta kitabu chake kingine. Lakini kwa katuni tumezoea kulijua jina la shujaa na kulisahau jina la mchoraji.

Nitoe mfano ulio karibu nanyi. Nina hakika wengi humu mmeitazama Fullmetal Alchemist. Aliyeichora ni Hiromu Arakawa, mwanamke aliyelelewa katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, na ambaye kila anapojichora mwenyewe hujichora kama ng'ombe aliyevaa miwani. Alipoimaliza kazi hiyo mwaka 2010, dunia nzima ilikuwa tayari kumpokea tena na hadithi nyingine ya vita na uganga. Yeye mwaka uliofuata akaanza Silver Spoon, hadithi ya mvulana wa mjini aitwaye Hachiken, ambaye amechoshwa na mbio za mitihani na matarajio ya baba yake hata akaamua kujiunga na shule ya bweni ya kilimo, mahali ambapo hakuna anayemjua, ambapo wanafunzi huamka kabla ya mapambazuko kukama ng'ombe na kukusanya mayai.

Hapo Hachiken anakutana na nguruwe mchanga, mdogo kuliko ndugu zake wote wa uzao ule, ambaye kila akikaribia titi la mama yake husukumwa kando. Wenzake waliokulia mashambani wanamwonya asimpe jina, kwa kuwa mnyama huyo ataenda kuchinjwa kama wengine. Anampa jina, na jina lenyewe ni Butadon, yaani bakuli la wali na nyama ya nguruwe. Anamlisha, anamtetea, anamwona akinenepa. Siku inafika, nguruwe anachinjwa, na Hachiken anatoa pesa alizozipata kwa kufanya kazi ya shambani wakati wa likizo, ananunua nyama yote ya Butadon, anaikausha kwa moshi na kuila pamoja na wenzake. Arakawa hamwokoi nguruwe yule, wala hamgeuzi mvulana yule kuwa mtu asiyekula nyama. Anamwacha abaki na swali lake. Katika kaunti za Busia na Kakamega, ambako familia nyingi hufuga nguruwe wa kulipia karo, huzuni ya aina hiyo inajulikana nyumba kwa nyumba, ila ni nadra kuandikwa. Na mimi nasema bila kusita kwamba hadithi hii ina uzito kuliko vita vingi vya mwisho wa dunia ambavyo tumekesha tukivitazama. Anime yake ilitolewa mwaka 2013 na 2014, misimu miwili tu, sehemu 22 kwa jumla. Mtu huimaliza katika likizo moja na muda ukabaki.

Hilo ndilo swali la mchoraji. Swali la jarida hukupeleka mbali zaidi, kwa sababu jarida hukusanya watu waliokuwa wakitafuta kitu kimoja. Mwaka 1964 mhariri Katsuichi Nagai alianzisha jarida la kila mwezi liitwalo Garo, na sababu mojawapo ilikuwa kumpa nafasi Sanpei Shirato, aliyetaka kuchora hadithi ndefu ya wakulima na watu waliotengwa katika Japani ya zamani. Garo halikuwa tajiri. Majarida makubwa ya kila juma yalikuwa na pesa na wasomaji wengi mno. Garo lilikuwa na uhuru. Mchoraji aliambiwa achore anachokiona yeye, na humo ndimo alimochapisha Yoshiharu Tsuge, na humo ndimo Kuniko Tsurita, aliyeanza akiwa bado msichana mdogo, alipata ukurasa wake katika fani iliyokuwa imejaa wanaume.

Kazi ya Tsuge iitwayo Nejishiki, ya mwaka 1968, ni ya watu wazima, na wazazi nawaomba mlizingatie hilo. Lakini ni lazima niieleze, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kile ninachokiita kazi ya kando. Kijana anatoka baharini akiwa ameushika mkono wake wa kushoto, kwa sababu kiwavi wa baharini amemkata mshipa. Anaingia katika kijiji cha wavuvi kutafuta daktari. Hakuna anayemwelewa. Anapita mtaa ambao kila bango ni la daktari wa macho, jicho baada ya jicho limechorwa ukutani, na hakuna hata mmoja awezaye kumfunga mshipa. Mwishowe mwanamke daktari wa uzazi anauunga mshipa ule kwa kifaa cha kufungulia na kufungia kama cha bomba la maji, na kijana anaondoka kwa mashua. Hakuna maelezo, hakuna adui, hakuna somo linalotolewa. Msomaji hubaki na hali ya ndoto ambayo mtu huamka akiihisi mwilini. Nilipoisoma mara ya kwanza sikuifikiria Japani hata kidogo. Nilizifikiria fuo zetu, kuanzia Dunga hadi Usenge, na jinsi mtu mwenye maumivu anavyoweza kupita katikati ya watu wengi wenye shughuli zao. Garo lilifungwa mwaka 2002, lakini kila jina lililopita humo ni mlango, na ukilitafuta jina moja hukupa mengine.

Sasa nifike kwa yule ambaye, kama ningeruhusiwa kumtaja mtu mmoja tu leo, ningemtaja yeye. Shigeru Mizuki alizaliwa mwaka 1922 na kukulia Sakaiminato, mji mdogo wa bandari na uvuvi katika mkoa wa Tottori. Kulikuwa na bibi mmoja kizee, maskini, mcha Mungu, aliyekuwa akija nyumbani kwao, watoto wakimwita NonNonBa. Bibi huyo ndiye aliyemsimulia habari za yokai, viumbe visivyoonekana ambavyo Wajapani wa kale waliamini vimejaa milimani, mitoni na ndani ya nyumba. Mmoja wao ni Betobeto-san. Ukitembea peke yako gizani ukasikia nyayo nyuma yako, ukageuka usimwone mtu, huyo ni yeye. Hana ubaya, na dawa yake ni kusogea kando ya njia na kumwambia kwa adabu, tangulia, Betobeto-san. Nyayo hukoma. Ninawaomba walimu watambue jinsi hadithi ya namna hiyo inavyomtendea mtoto mwenye hofu: haimdanganyi kwamba giza ni tupu, bali inampa neno la kusema akiwa ndani yake.

Mizuki alipelekwa vitani, Rabaul, katika kisiwa cha New Britain ambacho leo ni sehemu ya Papua Guinea Mpya. Aliugua malaria, akapigwa na bomu, akapoteza mkono wa kushoto. Alirudi akachora kwa mkono mmoja hadi uzeeni, akafariki mwaka 2015. Kitabu chake kuhusu vita, cha mwaka 1973, kinawahusu askari wa kawaida walioamrishwa na wakubwa wao wakafe bila faida yoyote, na hakuna mahali ndani yake ambapo kifo kinapambwa. Kile cha utotoni, kilichopewa jina la bibi yule, kilituzwa mwaka 2007 kuwa albamu bora, yaani kitabu bora cha katuni, katika tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa. Anayevisoma hivyo viwili pamoja humfahamu Mizuki kuliko anayetazama miaka yote ya anime ya Kitaro, mhusika wake anayejulikana zaidi, ingawa hata hiyo ni nzuri.

Jambo jingine kuhusu Mizuki ni kazi aliyoanzia. Baada ya vita alichora picha za kamishibai. Msimuliaji wa kamishibai alikuja mtaani kwa baiskeli, nyuma yake amefunga sanduku dogo la mbao lililofanana na jukwaa. Aligonganisha vipande viwili vya mti, watoto wakakimbilia. Aliwauzia peremende kwanza, na walionunua ndio waliosimama mbele. Kisha alichomoa picha moja baada ya nyingine kutoka sandukuni, akisimulia kwa sauti za wahusika wote, na palipofika patamu akakata hadithi hadi siku nyingine. Televisheni ilipoenea, riziki hiyo ilikufa, na baadhi ya wachoraji wake wakaingia katika manga wakiwa na ujuzi huo wa kumkatia msomaji hadithi mahali penyewe. Japani ilikuwa pia na wasimuliaji wa sinema zisizo na sauti, waliokaa kando ya skrini na kuwasemea waigizaji. Sisi ambao tumeketi katika vibanda vya video tukimsikiliza DJ Afro akiisimulia filamu ya Kichina kwa Kiswahili chetu hatuna sababu ya kuyaona haya kuwa mambo ya mbali.

Sakaiminato ya leo imeweka kandokando ya barabara yake sanamu za shaba za viumbe wa Mizuki, zaidi ya 170, kuanzia kituo cha treni. Watu husafiri kutoka mbali kuziona. Ni mji wa samaki na kaa, na mji huo umeheshimika kwa sababu mwana wake mmoja alizichora hadithi za bibi kizee. Nanyi mnajua tulicho nacho upande huu wa ziwa. Karibu na Kendu Bay liko Simbi Nyaima, ziwa dogo la maji ya magadi, ambalo wazee husema lilikuwa kijiji: bibi kizee aliomba hifadhi usiku wa sherehe, akafukuzwa nyumba hadi nyumba, mwanamke mmoja tu akampokea, na kabla ya kupambazuka kijiji kikazama. Seme kuna Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza. Kuna Lwanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Waluo, ambaye mwili wake haukuingia mkuki na nguvu zake zilikuwa katika kivuli. Hadithi ya mtu wa kivuli ingependeza mno katika picha za rangi nyeusi na nyeupe, na ninasema hivi nikiwatazama nyinyi mnaochora pembeni mwa madaftari yenu.

Kwa anayetaka kitu tulivu chenye roho hiyohiyo, kuna Mushishi ya Yuki Urushibara, manga iliyochapishwa kati ya 1999 na 2008 na anime yake ya mwaka 2005, ambamo mganga msafiri aitwaye Ginko hupita vijijini akiwatibu watu waliosumbuliwa na viumbe walio kati ya uhai na kutokuwa. Kila sehemu inajitosheleza. Katika ile ya kwanza mtoto yatima ana mkono wa kushoto ambao kila unachokichora hupata uhai, na bibi yake alikuwa amemkataza kuutumia. Wale mliokulia katika nyumba ambazo mkono wa kushoto haunyooshwi mtaielewa haraka. Na kwa wanamichezo, Ping Pong, aliyoichora Taiyo Matsumoto na kugeuzwa anime mwaka 2014 na Masaaki Yuasa, sehemu 11, yenye mistari inayotetemeka na nyuso zisizo nzuri, na ambayo kwangu mimi ni hadithi bora ya ushindani kuliko zote nilizozitazama, kwa kuwa inamheshimu hata anayeshindwa.

Tusidhani njia hii inaelekea Japani peke yake. Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, aliandika Aya de Yopougon, ikachorwa na Clément Oubrerie na kuanza kutoka mwaka 2005. Ni maisha ya wasichana watatu katika mtaa wa Yopougon mwishoni mwa miaka ya 1970: Aya anataka kuwa daktari, rafiki zake wanataka kucheza dansi, baba ana siri zake, majirani wanajua yote. Hakuna vita, hakuna njaa. Mtu wa Nyalenda au wa Kakamega mjini hataona kitu kigeni humo isipokuwa majina ya vyakula. Hapa kwetu, Ng'endo Mukii alitengeneza Yellow Fever mwaka 2012, filamu fupi inayochanganya uchoraji na miili ya watu halisi, kuhusu mkorogo na kuhusu mtoto wa kike anayefundishwa kuichukia ngozi yake. Itazameni pamoja na mabinti zenu. Frank Odoi, aliyezaliwa Ghana na kufanya kazi yake kubwa Kenya hadi kifo chake mwaka 2012, alituachia Akokhan, hadithi ya shujaa na adui wake iliyofumwa kwa imani za Kiafrika. Msururu wa vitabu vya katuni wa Pichadithi wa miaka ya 1980 huenda bado uko katika masanduku ya wazazi waliomo humu, ukiupata, usiutupe. Na Shujaaz, katuni ya vijana iliyoanza mwaka 2010 na kugawiwa bure kwa Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012, jambo ambalo naona tulilisherehekea kidogo mno.

Kuhusu utaratibu, nitakuwa mfupi. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kisanduku cha juu kulia kikitangulia. Jicho huzoea upesi. Msome polepole, kwa sababu kurasa zisizo na maneno ndizo zilizochukua jasho la mchoraji, na anayezipita mbio huwa amesoma maneno tu. Kazi tulivu ipewe nafasi ya sehemu tatu kabla ya kuachwa. Anayehofia bando aanze na manga, kwani picha zisizo na mwendo hula data kidogo kuliko video, na programu ya MANGA Plus, iliyozinduliwa mwaka 2019 na mchapishaji Shueisha, hutoa bure na kwa halali sura za mwanzo na za karibuni za hadithi nyingi. Humo pia, usiishie kwenye zilizowekwa mbele.

Wazazi, mnaniuliza kila mara kama vitu hivi vinafaa watoto. Jibu la kweli ni kwamba vingine havifai. Kuchorwa hakukifanyi kitu kuwa cha mtoto: Grave of the Fireflies ya mwaka 1988, kuhusu ndugu wawili wanaokufa njaa wakati wa vita, ni filamu iliyochorwa, na hata mtu mzima huhitaji kuketi kimya baada yake. Keti na mwanao mtazame sehemu ya kwanza pamoja. Ukiona haimfai, mwambie sababu, kisha mtafutie nyingine.

Maktaba hununua vitabu vinavyoombwa. Pale mlangoni pana daftari la maombi, na nimezungumza na mkutubi, ambaye amekubali kuyapokea majina ya katuni kama anavyoyapokea ya riwaya. Andikeni jina la kitabu, na mbele yake jina la mchoraji likiwa limeendelezwa sawasawa, ili ombi lisipotee. Mimi nimeshaandika Mizuki na Abouet. Wale mnaochora, leteni madaftari yenu hapa mbele tuyaone kabla ya kipindi cha maswali, na anayeijua hadithi ya Lwanda Magere kama ilivyosimuliwa na wazee wa kwao aketi karibu nami.